Mjadala: Nyua za Marzahn zijengwe fleti au zibaki bustani?

Fundi Paneli
Kwa wasioijua sehemu yenyewe: Marzahn iko mashariki mwa Berlin. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kuijenga mwaka 1977, na 1979 ikawa wilaya. Zilisimamishwa fleti karibu 60,000, nyingi kwa paneli za zege zilizomiminwa kiwandani, zikaletwa kwa lori na kupandishwa kwa kreni. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 watu walihama kwa wingi, fleti zikabaki tupu, na kuanzia 2002 mpango wa taifa wa kurekebisha miji ya mashariki ukawa unalipia ubomoaji. Leo mambo yamegeuka. Berlin imejaa, kodi zinapaa, na wenye majumba wanataka kujenga fleti mpya kwenye nyua za nyasi na miti zilizo kati ya majengo. Wakazi wanapinga.

Mimi naunga mkono. Bomba la maji lipo, bomba la maji taka lipo, mabomba ya joto ya mji, yanayopeleka maji ya moto ya kupashia nyumba joto, yanapita hapohapo chini, tramu na treni zipo, shule zipo. Ukikataa kujenga hapa, mji utasogea nje na kula mashamba ya Brandenburg, jimbo linaloizunguka Berlin. Familia inayotafuta fleti haiwezi kungoja.

Mtunza Miti
Ndugu Fundi, umetaja kila kilicho chini ya ardhi isipokuwa udongo na mizizi. Ule ua unaouita nafasi tupu unafanya kazi usiku na mchana.

Chukua maji tu. Jengo jipya lenye paa la mita za mraba 500 likipigwa na mvua ya kishindo ya milimita 30, linakumwagia lita 15,000 kwa mkupuo mmoja. Sasa hivi ule ua unazinywa zote kimyakimya. Ukijenga, itabidi uchimbe bonde la kunyonyea la mita za mraba 50 lenye kina cha sentimita 30, ndipo utapata mita za ujazo 15 za kuyashika yale maji. Na bonde hilo halikai popote. Likisogea sana ukutani, chumba cha chini kinalowana. Likikaa juu ya mabomba ya joto, siku bomba linapovuja mtalifukua lote. Likipitiwa na mashine za ujenzi, udongo unashindiliwa na maji yanasimama siku kadhaa badala ya kuzama. Kosa hili la mwisho ndilo linalorudiwa kuliko yote: mchoro sahihi, ila eneo la bonde liligeuzwa sehemu ya kuweka matofali kwa miezi kumi na minane.

Halafu miti. Sheria ya Berlin inalinda miti ya majani mapana ambayo shina lake, likipimwa mita 1.30 kutoka ardhini, lina mzunguko wa sentimita 80 au zaidi. Miti iliyopandwa mtaa ulipojengwa sasa ina miaka arobaini na zaidi, kwa hiyo mingi imefika hapo. Mwenye jengo akipata kibali cha kukata, anatakiwa apande mingine au alipe. Anapanda miche ya mzunguko wa sentimita 18 au 20, na kwenye karatasi hesabu inakubali. Lakini kivuli hakikubali. Mche huo unahitaji shimo lenye angalau mita za ujazo 12 za udongo mzuri, na kati ya gereji ya chini na msingi mpya sijui atalipata wapi.

Mpimaji
Naongeza upande wa sheria, maana wengi wanadhani kuna ramani ya mipango inayolinda zile nyua. Mara nyingi haipo. Mitaa hii ilijengwa kwa amri ya serikali ya zamani, kwa hiyo sehemu nyingi hazina mpango wa ujenzi wa kisasa. Hapo hutumika kifungu cha 34 cha sheria ya ujenzi ya Ujerumani: jengo likilingana na majirani zake na huduma zikiwapo, kibali hutolewa. Jirani akiwa jumba la ghorofa 11, jengo la ghorofa sita ni dogo mbele yake. Ndiyo maana wakazi hushtuka kuona uzio umeshafungwa.

Kuhusu umbali kati ya majengo: Berlin inataka kila jengo liache mbele yake nafasi ya 0.4 ya urefu wake wa kwenda juu. Ghorofa 11 za mita 2.80 ni karibu mita 31, kwa hiyo mita 12.3. Jengo jipya la mita 18 linadai mita 7.2. Jumla ni mita 19.5 kutoka ukuta hadi ukuta, basi. Mtu aliyezoea kutazama mita 60 za miti atatazamana na dirisha la mwenziwe.

Na ndani ya hizo mita 19.5 hamtapanda msitu. Jengo jipya likiwa na ngazi moja tu, lori la zimamoto lenye ngazi ndefu lazima lifike. Njia yake ni upana wa mita 3, sehemu ya kusimama ni mita 3.5, ardhi ibebe tani 16, na pasiwe na tawi wala taa kati ya lori na dirisha. Anayetaka miti ibaki adai ngazi mbili ndani ya jengo, au ngazi moja ya usalama isiyoingiwa na moshi. Ni gharama, lakini ndiyo inayookoa ua.

Fundi Paneli
Hilo la ngazi nalikubali, na sikulitaja. Ila swali langu halijajibiwa: fleti zitatoka wapi?

Mtunza Miti
Kwenye lami. Sehemu moja ya kuegesha gari, pamoja na njia yake, inakula kama mita za mraba 25. Uwanja wa magari 100 ni mita 2,500. Weka hapo jengo la mita 50 kwa 14, ghorofa sita: mita 4,200. Ondoa kuta, ngazi na korido, zinabaki kama 3,150, yaani fleti 48 za mita 65. Hakuna mti uliokatwa. Na zile duka kubwa za ghorofa moja zenye paa bapa na lami kuzunguka pande zote, kwa nini juu yake pasiwe na watu?

Mpimaji
Kwa sababu mara nyingi lami ni ya mtu mwingine. Mwenye majumba ana ua, mwenye duka ana lami.

Msomaji wa Unguja
Assalaam alaykum. Nauliza upande mwingine. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki ndio waliosaidia kupanga Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar, baada ya Mapinduzi. Walianza Kikwajuni, kisha wakati wa Mzee Karume yakaja majumba ya Michenzani, marefu kama mita 300, yamekaa kandokando ya barabara mbili zinazokatana. Ile nafasi pana ya wazi ni fikra ileile ya Marzahn. Kwa nini msiongeze ghorofa juu ya majumba yaliyopo, ardhi mkaiacha?

Fundi Paneli
Alaykum salaam, shekhe. Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Aina ya majumba ya paneli iliyoenea zaidi inaitwa WBS 70. Paneli moja hufika tani 6.3. Ukuta wa nje una tabaka tatu: zege linalobeba mzigo, sentimita chache za kuzuia baridi, na ganda la nje la zege. Paneli zimeunganishwa kwa vyuma vilivyochomelewa na zege la kujazia. Kupunguza ghorofa kunawezekana, na kulifanyika Marzahn kwenyewe, Ahrensfelder Terrassen, kati ya 2003 na 2005: majumba ya ghorofa 11 yakashushwa hadi tatu, nne, tano na sita, na fleti zaidi ya 1,600 zikabaki 447. Ni mahali pazuri pa kukaa. Leo kila anayetafuta fleti analipia lile punguzo.

Kuongeza ni kazi nyingine. Majumba ya ghorofa tano hayana lifti, kwa hiyo fleti mpya juu inaomba lifti ya nje, na lifti ya nje husimama kwenye bapa la ngazi, nusu ghorofa chini au juu ya mlango wa mtu. Mwenye kiti cha magurudumu bado amekwama. Halafu kabla ya kugusa viungo vya paneli, pima. Dawa ya kuzibia iliyotumika sana wakati ule, Morinol, ina asbestosi. Ikiwa imekaa kimya haina neno kubwa, lakini fundi akiingiza msumeno wa umeme kwenye kiungo, vumbi linaingia kila dirisha lililo wazi. Mbao za Sokalit kwenye mashimo ya mabomba ya bafuni nazo zina asbestosi. Kazi hiyo inataka kampuni yenye kibali, eneo lililofungwa na mashine za kunyonya hewa. Nimeyataja haya kwa sababu watu husema "ongezeni juu" kama kupandisha sanduku kabatini.

Msomaji wa Unguja
Nimekuelewa. Kwetu adui ni hewa ya chumvi inayokula nondo, ila la bustani ni lilelile: ikikosa mwenyewe, huwa maegesho.

Mtunza Miti
Ndugu Fundi, tukubaliane kwamba lami ijengwe kwanza. Na pale ua utakapoguswa, kibali kitaje nani anamwagilia. Brandenburg ni kukavu. Miaka ya 2018 hadi 2020 ilionyesha hivyo vizuri. Miche 40, kila mmoja lita 100 kila wiki mbili kuanzia Aprili hadi Septemba, ni mizunguko 12 au 13: lita 48,000 na zaidi kwa msimu, kwa miaka mitatu hadi mitano.

Fundi Paneli
Lami kwanza, sawa, pale mwenye lami akikubali kuuza. Asipokubali ndani ya miaka miwili, ua ujengwe upande mmoja tu, bila gereji ya chini. Maji alipe mwenye jengo, wala isiingie kwenye kodi ya wapangaji wa zamani.

Mtunza Miti
Miaka miwili ni michache. Iwe mitano.