VGM imerudishwa, trekta ya kwenda Tanga

Mwana Chumbageni, Alberta, Kanada:
Assalaam aleikum. Wakala wa meli ameirudisha VGM yangu, hati ya uzito wa kontena. Mzani umesoma kilo mia tano na ushei zaidi ya zilizoandikwa kwenye karatasi ya aliyeniuzia trekta. Nisahihishe VGM peke yake, au na BL (hati ya shehena) pia? TIN (namba ya mlipakodi) ni ya kaka, yuko Muheza.

Baba Mwanaidi, Ufini:
Waaleikum salaam mwanangu. Tazama matairi ya nyuma, yamejazwa. Trekta ya kuzoa theluji ikinyanyua bakuli la mbele, nyuma inakuwa nyepesi, tairi zinazunguka palepale. Basi hutiwa maji ya kloridi ya kalsiamu, yasigande. Lita moja ni kama kilo 1.3, tairi mbili za lita 200 ni kilo 520. Ila yanakula chuma. Shambani kwetu valvu ilivuja, rimu ikaoza.

Mama Zuhura, Minnesota:
Si lazima iwe kalsiamu. Huku wengi wanatia maji ya viazisukari, hayali rimu. Na mwenye bakuli la mbele asitegemee tairi tu: uzito wa tairi hauipunguzii mzigo ekseli ya mbele. Tundika sanduku la zege kwenye mikono ya trekta ya kubebea jembe, nyuma kabisa.

Baba Mwanaidi:
Nimezungumzia tairi, sikugusa sanduku. Tusome kwanza, dada.

Mwana Chumbageni:
Ahsanteni, nimeelewa kilo zimetoka wapi. Na BL je?

Kijana wa Ngamiani, Tanga:
Shikamooni wakubwa. Kaka, maji hayo ya tairi yatoe hukohuko. Kwetu hakuna cha kuganda, tutatia maji ya bomba. Valvu ikae juu, ujaze mpaka usawa wake: ni robo tatu, hewa ibaki.

Mama Zuhura:
Marahaba. Lakini asimwage chini! Chumvi ile inaua majani. Ayakinge kwenye mapipa.

Baba Mwanaidi:
Hapo umesema kweli. Kwa kuitaja Muheza mmenikumbusha machungwa ya mwezi wa saba, yamerundikwa kando ya barabara. Na inaniuma: mkonge umelimwa Tanga tangu 1893, mashamba makubwa yana mashine zao, mkulima mdogo bado yuko na jembe la mkono. Wabunge wetu wangelisemea hilo.

Kijana wa Ngamiani:
Na bei ya mafuta nayo, Baba. Trekta ya kukodi masika hii wengi imewashinda, wamelima nusu shamba.