Insha 140 na Tasnifu Moja

*Baba Mdogo (Mbeya):* Habari za jioni, wanafamilia. Binti yetu wa Iringa, huu ni mwaka wa tatu wa shahada yako ya uzamivu, na kila ninapouliza sura ya nne imefika wapi, unanijibu kwamba unasahihisha insha za mwaka wa kwanza. Tueleze hapa, sote tusikie.

*Dada (Iringa):* Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Ninafundisha uandishi wa kitaaluma kwa wanafunzi 140, na insha moja nikiisoma kwa haki inanichukua dakika 20, kwa hiyo awamu moja tu ya kusahihisha inazidi saa 46, ambazo ninazipata usiku na Jumapili baada ya ibada. Tasnifu imechelewa, sikatai. Posho ya muhula uliopita nayo haijalipwa, na hilo linaniuma.

*Kaka (Tukuyu):* Si hao wanafunzi siku hizi wanaandikiwa na akili mnemba? Unajichosha bure, mdogo wangu.

*Dada (Iringa):* Wapo, kaka, na ninawatambua wengi wao, kwa sababu mtu ananiletea kurasa tatu za kilimo zisizotaja kijiji, zao wala msimu. Ila siwezi kuwalaumu haraka. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, akajiokoa kwa kunakili ubaoni na kukariri, kisha anafika kwangu ninamwambia atoe hoja yake mwenyewe. Juzi nilimwita kijana wa Makete aliyekuwa ameandika juu ya pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya kuua wadudu, kwa maneno ya kuokoteza. Niliifunika karatasi yake, nikamwomba anieleze kwa Kiswahili jinsi wanavyoianika kwao. Alizungumza robo saa bila kusita: jinsi wanavyochuma maua kwa mkono, wanavyoyatandaza membamba kwenye turubai, na mama yake anavyokimbilia kuyaanua wingu likitanda. Nikamwambia hiyo ndiyo aya yake ya kwanza, aiandike kwanza hivyo hivyo, Kiingereza kitafuata.

*Mama (Tukuyu):* Mungu akutie nguvu, mwanangu. Unakula lakini?

*Dada (Iringa):* Ninakula, Mama. Baba Mdogo, sura ya nne ilirudi kutoka kwa msimamizi wangu ikiwa na swali moja pembeni: "Wewe unasema nini?" Ndilo swali ninaloandika kwenye insha za wanafunzi kila wiki. Nilikuwa nimepanga maneno ya wataalamu kurasa 30, langu halimo. Tangu Jumanne ninaiandika upya, nami ninaanza kwa Kiswahili.

*Baba Mdogo (Mbeya):* Hapo nimekuelewa. Nilidhani wanafunzi wanakula muda wako tu. Hiyo posho iandikie barua, usinyamaze.

*Shangazi (Umalila):* Huyo kijana ameacha jambo kubwa. Maua mabichi yakilundikwa usiku mmoja tu yanavunda, yanakuwa ya kahawia, sumu ya kuua wadudu inapungua, na mnunuzi analipa kwa kiwango cha sumu hiyo. Mwambie aliandike hilo.

*Dada (Iringa):* Nitamwuliza kama kwao nao yamewahi kuvunda, Shangazi. Rasimu ya pili analeta Jumatatu.