Malalamiko: Gereji imepandikiza injini ya Toyota 1KZ-TE kwenye Land Rover 109 ya marehemu baba na kunikabidhi gari lisilo na breki

Wakuu, heshima kwenu. Juzi nilijaribu kuandika haya nikiwa na hasira, nikayafuta yote. Leo nimetulia kidogo, kwa hiyo naomba mnivumilie, maana uzi ni mrefu. Gereji ninayoilalamikia iko Dar es Salaam. Sitaitaja kwa jina wala kwa mtaa, kwa kuwa nimekwisha kuwapelekea barua ya madai na sitaki kesho wajifiche nyuma ya hoja kwamba nimewachafua. Wakisoma hapa watajijua.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, pikapu ndefu, ile inayoitwa 109 kwa sababu ya inchi zilizoko kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Baba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali katika miaka ya themanini. Ilishusha karoti na kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo, ikabeba maharusi, ikabeba majeneza, na mwisho ikambeba yeye mwenyewe. Injini yake ya petroli ya cc 2,286 haikuwa na haraka na mtu, kwa kuwa ilikuwa na nguvu farasi zipatazo 70 tu, na kupanda mlima wa Soni, njiani kwenda Lushoto, na mzigo ilikuwa ni safari ya gia ya pili huku petroli ikiteketea kwa namna ambayo biashara ya mboga haiwezi kuihimili. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nikubali kuibadilisha. Mtakaosema nisingeigusa kabisa, nawaelewa, lakini gari hili linafanya kazi, si pambo la uwani.

Mimi nilikwenda pale nikiwa na wazo la kuweka dizeli ya 300Tdi, ambayo ni ya ukoo uleule wa Land Rover na haina kompyuta. Fundi mkuu ndiye aliyenishawishi nichukue 1KZ-TE ya Toyota, ya lita tatu, yenye tabo, kwa hoja kwamba vipuri vyake vinapatikana kila kona ya Ilala na Gerezani, na kwamba ina nguvu farasi zaidi ya 120. Hoja hiyo si ya uongo. Tuliandikiana kwamba kwa shilingi milioni 11 nitakabidhiwa gari "lililokamilika na tayari kwa barabara", kwamba kazi itachukua wiki tatu, na kwamba injini ya zamani ni mali yangu na nitaondoka nayo. Nililipa milioni saba siku hiyohiyo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliahidiwa kuipata siku ya makabidhiano, na hadi leo nilicho nacho ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, yenye mstari mwekundu pembeni.

Wiki tatu zikawa miezi mitano. Hilo silihesabu kuwa ndilo lalamiko langu, kwa sababu kila mwenye gari nchini humu ameshapigwa danadana na fundi na hajafa.

Lalamiko langu linaanzia kwenye breki. Siku ya kulichukua gari niliona kanyagio ni gumu kupita kawaida, nikauliza, nikajibiwa, "Mzee wangu, pedi mpya hizo, zitajizoesha." Ndugu zangu, gari hili lina breki za ngoma magurudumu yote manne. Pedi ni za breki za diski, hili halina hata moja. Ilipaswa nigeuze palepale, lakini nilikuwa nimechoka kulala kwa shemeji, nikaondoka. Barabara ya kutoka Dar hadi Mombo ilinidanganya, na nilipanda Lushoto usiku, gari likiwa tupu, bila tatizo. Siku ya tatu nikapakia karoti na kuanza kushuka. Wanaoijua ile barabara ya kilomita takriban 33, yenye ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, watanielewa nikisema kwamba kwenye kona ya kwanza kubwa baada ya Soni nilikanyaga breki nikahisi nimekanyaga jiwe. Gari lilipunguza mwendo kama mtu anayeombwa msamaha, kwa shingo upande. Nilisimama kwenye kanyagio kwa uzito wangu wote, utingo akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, na tukashuka hadi Mombo kwa gia ya kwanza, nyuma yetu kukiwa na msururu wa mabasi yanayopiga honi.

Fundi wa Korogwe alifungua boneti na hakuchukua hata dakika tano. Alinyoosha kidole kwenye mpira unaotoka kwenye busta ya breki, akaniuliza, "Mzee, huu nani kauziba?" Ndani ya mdomo wa mpira ule kulikuwa kumeshindiliwa bolti ya namba 12, ikafungwa kwa waya wa kufungia chuma cha zege. Kwa wasiofahamu, busta ndiyo inayousaidia mguu kusukuma breki, na hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli huutoa mvuto huo bure, kwa sababu kabureta yake ina kipepeo kinachobana hewa inayoingia, na dizeli haina mvuto wa kutegemewa wa namna hiyo, ndiyo maana huwekewa pampu maalumu ya kuvuta hewa. Injini niliyouziwa iliwekwa bila pampu. Mtu aliyeshika spana aliuona mpira wa busta unaning'inia, hakuwa na mahali pa kuuchomeka, akatafuta bolti. Yaani alijua! Hakusahau na wala hakupitiwa, kwa maana bolti haiingii yenyewe kwenye mpira na kujifunga waya. Gari lililokuwa na farasi 70 likapewa zaidi ya 120, na papo hapo likanyang'anywa msaada wa breki.

Nilipowapigia simu waliniambia nitafute pampu mwenyewe kwa kuwa "haikuwa kwenye bajeti". Nikatafuta, nikalipa, fundi wa Korogwe akaifunga, na breki zikarudi. Nikadhani yameisha.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napanda na mifuko 20 ya saruji, saa nane mchana, geji ya joto ikiwa imetulia chini ya nusu. Nikasikia harufu tamu ya maji ya rejeta kabla sijaona moshi. Niliposimama, mshale wa geji ulikuwa bado umetulia palepale, na maji yalikuwa yanachemka kwa sauti ambayo watoto wa shule waliokuwa wakipita walikimbia. Baadaye ilionekana kwamba senza ya joto ya Toyota imeunganishwa moja kwa moja na geji ya Land Rover, vitu viwili visivyojuana, kwa hiyo geji ile haikuwa imepima chochote tangu siku ya kwanza. Feni ya asili ya injini ilikuwa imetolewa kwa sababu haikutosha kati ya injini na rejeta, pakawekwa feni ya umeme ya gari dogo lisilohusiana kabisa na dizeli ya lita tatu. Rejeta ni ileile ya baba, iliyotengenezewa injini ya farasi 70. Thamostati, ile vali inayoratibu joto la maji ya injini, haipo. Hii tabia ya mafundi wetu ya kutoa thamostati kama vile ni uchafu uliosahauliwa na Wajapani naomba siku moja tuifungulie uzi wake.

Kila anayeifahamu 1KZ anajua kwamba udhaifu wake mkubwa ni joto, kwa sababu silinda hedi yake ni ya alumini iliyokaa juu ya bloku ya chuma, na ikichemka mara moja kwa ukali huweza kupasuka. Fundi aliyenishauri injini hii alilijua hilo kuliko mimi. Yangu imepasuka kati ya vali za silinda ya tatu. Mstari wake ni mwembamba kama unywele, unaonekana vizuri ukipitisha kidole chenye vumbi la chaki.

Upande wa mwendo nako nimeliwa. Niliahidiwa kwamba gari litatembea kilomita 100 kwa saa bila kulia. Difu za Series zina uwiano wa 4.7, yaani shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja, na hawakuzigusa wala gia boksi yake. Kwa tairi zangu za 7.50-16, gia ya nne kwenye kilomita 80 inaipeleka injini karibu mizunguko 2,900 kwa dakika, na kwenye kilomita 100 inafika 3,600, ambako injini hii inakuwa imekwisha kutoa nguvu yake ya mwisho. Ndiyo kusema nimenunua nguvu ambayo haiwezi kugeuka kuwa mwendo. Dawa yake ilikuwa ni difu za 3.54 kutoka kwenye Land Rover 110, mbele na nyuma kwa pamoja, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi hii mara mbili angelitaja kabla ya kutaja bei. Na gia boksi ile nayo, iliyozoea injini ya upole, tayari imeanza kunguruma kwenye gia ya tatu, huku klachi ikiwa imeliwa upande mmoja kwa sababu sahani ya kuunganishia injini na gia boksi ilichongwa kwa kukadiria na haikukaa kwenye mstari.

Nyaya sitazieleza sana. Itoshe kusema kwamba kompyuta ya injini, ambayo bila hiyo pampu ya dizeli ya 1KZ-TE haitoi hata tone la dizeli, iliwekwa miguuni pa abiria, chini kabisa ya dirisha dogo la hewa ambalo katika Land Rover nyingi za Series huvuja mvua. Kinga yake ni mfuko wa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019. Hata hatia wameipandikiza.

Kadi ya gari bado inasema petroli, cc 2,286, na namba ya injini isiyokuwemo tena ndani ya gari. Nilihitaji karatasi za ununuzi wa injini ili nianze utaratibu wa TRA na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani, na kila nikiziomba naambiwa aliyeileta injini amesafiri. Mpaka sasa sijui kama bima ingenilipa endapo siku ile ya karoti ningeingia korongoni.

Sasa naomba nifike kwenye jambo lililonifanya nifute andiko la kwanza. Nilipowaambia kwamba basi, nirudishieni injini yangu ya petroli niirudishe mahali pake na tusijuane tena, kijana wa mapokezi alikaa kimya, kisha akampa simu fundi mkuu. Naye akaniambia, bila hata kushusha sauti, kwamba ilikuwa inachukua nafasi, wakawapa wanunuzi wa chuma chakavu. Injini iliyokuwa inawaka kwa funguo moja asubuhi ya siku niliyowapelekea! Imeandikwa kwenye makubaliano kwamba ni mali yangu. Nilipomkumbusha alinijibu, "Mzee, gari lenyewe kuukuu, unalalamikia nini?"

Sentensi hiyo nimeisikia kwao kwa kila hoja. Kuhusu breki: gari kuukuu. Kuhusu joto: gari kuukuu. Kuhusu kompyuta iliyolowa: gari kuukuu. Lakini kuukuu hilo liliingia gereji kwao likitembea, na lilitoka likiwa na kasoro ambazo zote, moja baada ya nyingine, zina umri wa miezi mitano. Ukuukuu waliujua wakati wa kupokea milioni saba na hawakuutaja. Anayekubali kubadilisha injini ya gari la mwaka 1974 amekubali pia kuangalia breki, upozaji, difu, klachi, umeme na karatasi zake, au aseme mapema kwamba yeye anajua kufungua bolti nne tu na kufunga nne, alipwe ujira wa bolti nane.

Katika barua yangu nimewadai silinda hedi mpya na kufungwa kwake, nyaraka halali za injini waliyoniuzia, na injini yangu ya zamani au thamani yake. Milioni nne zilizobaki nilishawalipa siku ya makabidhiano, kwa hiyo sina cha kuwashikia. Nimewapa siku 14, na leo ni ya tisa. Wenye uzoefu wa kufikisha shauri la namna hii Mahakama ya Mwanzo, naomba mnielekeze ni vielelezo gani hakimu huvitaka, na kama maelezo ya fundi wa Korogwe pamoja na ile bolti, ambayo nimeihifadhi na waya wake, vinatosha.

Na walioko Dar wanaopita kwa wauza chuma chakavu, naomba macho yenu. Ni bloku ya Land Rover ya silinda nne, ya petroli, yenye rangi ya kijani iliyobanduka. Kifuniko cha vali kina nati tatu juu yake. Ya katikati ni ya shaba. Baba aliichonga mwenyewe ile ya asili ilipopotea.