Naomba ushauri: kumfuatilia kifutu kando ya msitu wa Pugu

Wakuu, habari za kazi. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dar, na utafiti wangu ni jinsi kifutu, nyoka mwenye sumu, anavyochagua mahali pa kuvizia panya. Nafuata mfano wa tafiti za rattlesnake (nyoka mwenye njuga mkiani) kule Marekani: tangu watafiti Reinert na Cundall waeleze njia yao ya upasuaji mwaka 1982, watafiti wengi hupandikiza kisambaza redio ndani ya mwili wa nyoka, kisha humfuata kwa antena. Kifutu naye ni mviziaji, kwa hiyo njia ingefaa sana.

Tatizo ni daktari. Sijapata aliyewahi kumpasua nyoka mwenye sumu, na kwa kweli sitaki mnyama ateseke kwa ajili ya tasnifu yangu. Kifaa cha kubandika juu hutoka anapojivua gamba. Nimejaribu kamera za mtego, zinanasa panya tu. Zinaamshwa na joto linalosogea, na joto la nyoka hufanana na la mazingira.

Je, kuna anayemfahamu daktari wa mifugo mwenye uzoefu huo, Dar au Morogoro? Na kamera nikiipanga ipige picha kila dakika, betri zitafika asubuhi?