MREJESHO: Amonia ikivuja, tukimbilie wapi?

Niliuliza wafanyakazi wakusanyike wapi amonia, gesi yenye sumu, ikivuja kwenye mitambo ya ubaridi, maana sehemu yetu ilikuwa moja tu, pale getini. Asanteni sana mliojibu.

Sasa ziko mbili, pande tofauti za kiwanda, na juu ya paa kuna mfuko wa kuonyesha upepo. King'ora kikilia, unatazama upepo kwanza, kisha unaondoka kwa kuukata ubavuni hadi ufike upande upepo unakotokea. Kilichomshawishi meneja ni hoja ya ukungu. Alijua gesi ya amonia ni nyepesi kuliko hewa, akaamini itapaa yenyewe. Lakini ikichomoka kama kimiminika chenye shinikizo, hufanya wingu baridi linalotambaa chini, hasa hewa ikiwa na unyevu.

Barakoa za chujio zimebaki za kutorokea tu. Wanaoingia kufunga vali ni wawili, wenye mitungi ya hewa na suti zisizopitisha gesi. Hapo sikukubali kulegeza, kwa sababu mwokoaji asiye na hewa yake hugeuka majeruhi wa pili.

Zimamoto wamepewa ramani ya vali. Majirani bado hawana njia ya kuarifiwa usiku, nalo ndilo ninalolifuatilia.