Tupeane uzoefu: Kutembelea msitu wa machimbo ya kale, Castlemaine, Australia

Ndugu wanajamvi, Septemba iliyopita nilipanda treni ya Bendigo kutoka Melbourne nikashuka Castlemaine, ili kuuona msitu ambao mwaka 1851 ulivamiwa na maelfu ya watu waliosikia habari za dhahabu, na ambao tangu mwaka 2002 umekuwa hifadhi ya urithi wa taifa. Nilitarajia magofu, lakini nilipokewa na maua. Akasia ya dhahabu, ambayo ndiyo ua la taifa la Australia, ilikuwa imechanua kando ya njia, na penye kokoto tupu palikuwa na okidi za zambarau. Nilichuchumaa kuitazama moja, ndipo nikatambua kwamba kichuguu nilichokiegemea kilikuwa kifusi cha mchimbaji. Mliokwisha kufika huko, naomba nanyi mtusimulie.

Mchimbaji Mstaafu: Ndugu, mimi nilichimba Geita kabla ya kuhamia huku, kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Mengine hayana uzio na majani yameficha midomo yake, basi mtoto asiachwe kutoka nje ya njia. Pale Chewton zimesalia kuta za mawe zilizobeba gurudumu la mgodi wa Garfield la mwaka 1887, lililozungushwa kwa maji ili kuendesha nyundo za kuponda mwamba, yaani karasha la enzi hizo. Tazameni pia miti: utakuta shina moja kuukuu limetoa miti mitatu au minne, kwa sababu ile ya awali ilikatwa kwa ajili ya matimba (magogo ya kuegemeza kuta za mashimo) na kuni, nayo ikachipua upya kutoka kwenye visiki. Wenyeji wa asili, Dja Dja Wurrung, husema kwamba hii ni nchi iliyopinduliwa chini juu, na mtu aliyewahi kushika sururu hawezi kubishana nao.

Mama Neema: Sisi pia tulikwenda majira ya kuchipua. Magpai, ndege mweusi mwenye mabaka meupe ambaye hana mzaha akiwa na kiota, alimshukia baba Neema kisogoni mara tatu, hadi akajifunika kapu la chakula. (Chapati zote zikaishia mchangani.) Wapenzi wa kasuku waende kipindi cha baridi, kwani wale wa kijani wenye wekundu usoni huzaliana Tasmania, kisha huvuka bahari kufuata nekta ya mikalitusi ya huku. Msipite pia bila kufika Pennyweight Flat, kwenye makaburi ya miaka ya 1850 ambayo mengi ni ya watoto. Mawe yamepangwa kuyazunguka, na makaburi mengine hayazidi urefu wa mkono wangu.

Mwanzisha mada: Ahsante, Mama Neema. Makaburi hayo sikuyaona, kwa kuwa siku nzima niliimalizia kwenye okidi. Nitarudi Julai, niwawahi kasuku.