Arobaini ya mjomba aliyekuwa mtu wa vituko: nichekeshe watu au nisome wasifu tu?

MpwaWaSongea
Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo tunamaliza arobaini ya mjomba kijijini, Songea. Asubuhi misa, halafu chakula nyumbani. Nimepewa kazi ya kumwelezea marehemu, na hapo ndipo nilipokwama.

Mjomba alikuwa mtu wa vituko. Aliwahi kuazima koti la shemeji yake kwenda nalo harusini. Kufika, akalivua akamtunza bwana harusi, mwenye koti anatazama. Ngoma ya mganda ikipigwa yeye ndiye wa kwanza kuvaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, na uzee ule, huku akiwakonyeza wakwe. Nikisoma tu "alizaliwa, alisoma, ameacha mjane na watoto", watu watauliza huyo ni nani.

Mama, ambaye ni dada yake, hataki kusikia. Anasema ni kumvunjia heshima kaka yake. Mjane kanyamaza. Vijana wao wanataka hadi ngoma. Nifanyeje?

MamaWawili
Pole sana mkuu. Kunyamaza kwa mjane si ruhusa. Mfuate nyumbani, si kwa simu, umsimulie yote unayotaka kusema. Tulipofiwa na babu tulifanya hivyo, bibi akaanza kutusahihisha: "Hakuanguka mtoni, alijirusha mwenyewe ili asilipe deni!" Alicheka kutuzidi.

MtaniWaIringa
Wangoni bwana, mnahangaika na watani wenu Wahehe tupo? Babu zetu walipigana 1878, wakarudiana tena 1881, leo ni utani mtupu. Mtani anaingia msibani, anavaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake, anazuia jeneza lisishuke mpaka mtoe hela, na hakuna wa kumnunia. Tafuta Mhehe hapo Songea, mlishe ashibe, yale mazito aseme yeye. Mama yako atalia na kucheka hapo hapo. Akikosekana nitumieni nauli.

Mzee wa Bombambili
Mtani, karibu sana, ila mbwa tumeshawaficha.

MtaniWaIringa
😂😂 Basi siji.

Kijana_Mbinga
Mimi niko na mama. Wamezaliwa tumbo moja, ninyi wengine mnamkumbuka kwa kuchekeshwa tu.

MwalimuMstaafu
Kijana_Mbinga ana hoja, lakini mama aombwe, asipitwe. Mwambie yeye asimulie kituko cha utotoni, maana hicho hakuna mwingine anayekijua. Na wewe mpwa, chagua visa ambavyo mjomba mwenyewe ndiye anayechekwa. Vya madeni na wanawake viache, watoto wake watakuwa wamekaa mbele yako. Ngoma isubiri jioni, wazee wakishamaliza mambo yao. Mkiipiga kabla ya hapo mtatukanwa, na mtakuwa mmeyataka.

MpwaWaSongea
Asanteni wakuu. Jana nimekwenda kwa mjane. Mama kakubali mtani aje, ngoma bado anaitafakari. Mjane kasema la koti nisimulie, tena nisisahau kwamba lilikuwa na hela mfukoni. Ila la mbuzi nisithubutu kulitaja.

Tatizo la mbuzi mimi silijui kabisa, na kila ninayemuuliza pale nyumbani anacheka anaondoka.